GRACE HOPPER: BIBI ALIYEIPA TARAKILISHI LUGHA

Mimi ni mwanachama wa zamani wa chama hiki cha Kiswahili. Mwalimu mlezi aliponipigia simu na kuniomba niandike juu ya maisha ya mtu mashuhuri, najua alitarajia mshairi au mpigania uhuru. Hao wanastahili, na tumewasoma sana. Lakini mimi riziki yangu naipata kwa kuandika programu za tarakilishi, nami nina deni kwa mwanamke mmoja Mmarekani aliyefariki siku ya Mwaka Mpya, 1992. Jina lake Grace Hopper. Sikuwahi kumwona, sikuwahi kumsikia. Hata hivyo, wapo walinzi wa usiku waliokosa haki yao kwa sababu mimi nilidharau kazi aliyoianzisha bibi huyu. Tega sikio nikusimulie.

Kwanza nianze na aibu yangu. Mwaka wa 2015 niliajiriwa katika kampuni moja ambayo sitaitaja. Nilikuwa kijana mbichi, nimetoka chuoni juzi, kichwa kimejaa mambo mapya. Kufika kule, lo! Nilipigwa na butwaa. Tarakilishi za ofisi zilikuwa zinatumia Windows XP, mfumo endeshi ambao watengenezaji wake walikuwa wamekwisha acha kuutunza tangu tarehe 8 Aprili 2014. Kwa wasiojua, mfumo endeshi ni ile programu kuu inayoamka unapowasha mashine, na ndiyo inayozipa programu nyingine ruhusa ya kufanya kazi. Ukizeeka huo, vifaa vipya vya kuandikia programu vinakataa katakata kukaa juu yake. Na mishahara ya wafanyakazi wote ilikuwa ikipigwa hesabu na programu iliyoandikwa kabla sijazaliwa, kwa lugha iitwayo COBOL.

Nikaambiwa niandike programu mpya ya mishahara, lakini mashine zibaki zile zile, maana pesa za kununua nyingine hazikuwepo. Ni kama kuambiwa ujenge ghorofa juu ya msingi wa nyumba ya babu yako. Nilicheka kimoyomoyo. Ile programu kuukuu hata sikuisoma. Niliifungua mara moja, nikaona maneno mengi kama insha, nikaifunga. Nikaandika yangu haraka haraka, fupi na ya kupendeza, nikajipongeza mwenyewe.

Mwisho wa mwezi ulipofika, mzee mmoja mlinzi alikuja mezani kwangu na karatasi yake ya malipo. Aliniamkua kwa upole, akaniuliza saa zake 6 zimekwenda wapi. Yeye alikuwa ameingia zamu saa kumi na mbili jioni, siku ya mwisho ya mwezi, akatoka saa kumi na mbili asubuhi, tarehe mosi. Programu yangu ilikata hesabu usiku wa manane kwa kuwa mwezi umekwisha. Na mwezi mpya haukuzihesabu saa zilizobaki, kwa kuwa zamu ile haikuanza ndani yake. Nusu ya zamu ikatumbukia katika ufa. Walinzi wote wa usiku ule walipunjwa. Mzee yule alikuwa ameshapanga pesa zile zilipe nini nyumbani. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Palikuwa na mama mmoja pale, mpangaji programu wa siku nyingi, aliyekuwa karibu kustaafu. Alinivutia kiti, akaifungua ile programu ya kale, akanionyesha mistari michache. Kumbe imeandikwa wazi, kwa maneno ambayo hata karani angeyaelewa, kwamba zamu ikivuka mwezi, saa zake zote zihesabiwe katika mwezi ilipoanza! Jibu lilikuwa pale pale muda wote. Mama hakunigombeza. Aliniuliza tu kama namjua mtu aliyepigana ili mashine iandikiwe kwa maneno badala ya tarakimu. Sikumjua. Siku hiyo ndipo nilipoanza kusoma habari za Grace Hopper.

Alizaliwa tarehe 9 Desemba 1906 katika jiji la New York, akaitwa Grace Brewster Murray. Alipokuwa na umri wa miaka 7 alitaka kujua saa yenye kengele hufanyaje kazi. Akaifungua, vyuma vikamwagika, akashindwa kuirudisha. Basi akafungua ya pili ili aone ya kwanza ilikuwaje, na ya tatu, mpaka saa 7 za nyumbani zikawa vipande vipande. Mamake alipogundua hakumchapa. Alimruhusu abaki na moja tu ya kuchezea. Wengi wetu tungekula kiboko cha mwaka!

Usidhani masomo yote yalimwia mteremko. Alipoomba nafasi katika chuo cha Vassar mara ya kwanza alikataliwa, kwa sababu alama zake za Kilatini zilikuwa za chini. Kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi. Akarudi mwaka uliofuata akakubaliwa, na mwaka wa 1928 akahitimu katika hisabati na fizikia. Akaenda chuo kikuu cha Yale, akapata shahada ya uzamili mwaka wa 1930, na ya udaktari wa hisabati mwaka wa 1934. Mwaka ule wa 1930 aliolewa na Vincent Hopper. Ndoa ilivunjika mwaka wa 1945, hawakujaliwa watoto, lakini jina la Hopper alibaki nalo hadi kaburini. Kazi yake ilikuwa ualimu, akifundisha hisabati pale pale Vassar.

Vita Vikuu vya Pili vilipopamba moto, mwalimu huyu alitaka kuingia jeshi la wanamaji, kwani baba ya babu yake alikuwa amiri wa jeshi hilo. Wakamwambia ni mwembamba mno. Alikuwa na kilo kama 48 hivi, pungufu ya kipimo kwa kilo karibu 7. Hakukubali. Alifuatilia mpaka akapewa ruhusa maalumu, akajiunga Desemba 1943, na katika mafunzo ya uafisa akaibuka wa kwanza katika darasa lake.

Julai 1944 alipelekwa chuo kikuu cha Harvard, chini ya Howard Aiken, mtu mkali asiyecheka na kima. Huko alikutana na jitu la chuma lililoitwa Mark I. Urefu wake futi 51, kimo futi 8, na ndani yake vipande zaidi ya 700,000. Pamoja na ukubwa huo wote, lilifanya hesabu 3 tu za kujumlisha kwa sekunde. Simu iliyo mfukoni mwa mzazi wako ingelicheka. Lakini wakati ule lilikuwa ajabu, na lilipiga hesabu za kivita usiku na mchana. Kulipa amri, ilibidi utoboe matundu katika utepe wa karatasi, tundu baada ya tundu. Ukikosea tundu moja, kazi yote imeharibika. Hopper ndiye aliyeandika kitabu kikubwa cha maelezo ya mashine hiyo, kurasa zaidi ya 500.

Kuna kisa cha nondo ambacho alipenda kukisimulia. Tarehe 9 Septemba 1947 mashine iliyofuata, Mark II, ilikwama. Walipoichungulia walimkuta nondo amenaswa katika swichi. Wakamtoa, wakambandika katika daftari la kazi, na mpaka leo daftari hilo limehifadhiwa katika makumbusho kule Marekani. Watu husema eti hapo ndipo hitilafu za programu zilipoanza kuitwa wadudu. Si kweli hasa, mafundi walikuwa wakilitumia neno hilo zamani. Wala si Hopper aliyemwona nondo. Nimeona nilitaje hili kwa sababu mgala muue na haki umpe.

Sasa tufike penye kiini. Kule Harvard, Hopper na wenzake walikuwa na madaftari ya kunakilia vipande vya programu vilivyofanya kazi vizuri. Mmoja akihitaji hesabu fulani, anaazima daftari la mwenzake, ananakili kwa mkono. Na mkono wa binadamu hukosea. Hopper aliona kwamba kunakili bila kuchoka ndiyo kazi ambayo mashine inaiweza kuliko mtu. Kwani kwa nini isijinakilie yenyewe?

Mwaka wa 1949 alijiunga na kampuni ya Eckert na Mauchly mjini Philadelphia, waliokuwa wakitengeneza tarakilishi ya biashara, UNIVAC. Mwaka wa 1952 akamaliza programu aliyoiita A-0. Vile vipande vya madaftari vilihifadhiwa katika utepe, kila kimoja na namba yake. Wewe unataja namba, mashine inavitafuta na kuviunganisha yenyewe. Chombo cha aina hii huitwa kompaila, na yake ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kabisa duniani. Unadhani alishangiliwa? Wapi! Watu walimwambia tarakilishi inajua hesabu tu, haiwezi kuandika programu. Kitu kilikuwa kinafanya kazi mbele ya macho yao, nao hawakutaka kukigusa.

Yeye hakukoma. Aliona kwamba wafanyabiashara wengi hawapendi alama za hisabati. Wanataka maneno. Akapendekeza mashine iandikiwe amri kwa Kiingereza cha kawaida. Wakubwa wakasema haiwezekani. Yeye na kikundi chake wakatengeneza mfano mdogo, na ili kuonyesha kwamba kwa mashine maneno ni alama tu, wakaandika amri zile zile kwa Kifaransa na kwa Kijerumani pia. Wakubwa wakashtuka! Mashine ya Kimarekani, iliyoundwa Philadelphia, ielewe Kifaransa? Ikabidi wawaahidi kwamba watabaki na Kiingereza. Mpenzi msomaji, hapo mimi huwaza sana. Kama angekuwapo Mswahili katika chumba kile, amri zingeweza kabisa kuwa jumlisha, toa, hamisha na andika. Mashine isingejali hata kidogo. Lugha ile iliyozaliwa ikaitwa FLOW-MATIC.

Tatizo lililofuata sisi wa chama cha Kiswahili tunalijua vizuri, nalo ni lahaja. Kila kampuni ya tarakilishi ilikuwa na lugha yake. Programu ya mashine hii haikueleweka na mashine ile. Ukibadilisha mashine unaanza upya, na pesa zote zimekwenda na maji. Mwaka wa 1928 wajumbe walikutana Mombasa wakakubaliana Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kule Marekani nako, Mei 1959, wajumbe wa serikali na makampuni walikutana katika makao ya wizara ya ulinzi, ili wapate lugha moja ya tarakilishi za biashara. Lugha hiyo ndiyo COBOL. Hopper hakuiandika peke yake, maana ilikuwa kazi ya kamati, naye alikuwa mshauri. Lakini FLOW-MATIC yake ndiyo iliyokuwa msingi mkuu.

Wapo walioizika kabla haijazaliwa. Mmoja wa wajumbe, kwa kuchoshwa na malumbano ya kamati, alinunua jiwe la kaburi, akachongesha jina COBOL, akampelekea kiongozi wa mradi. Lakini Desemba 1960 programu moja ya COBOL iliendeshwa katika mashine mbili za makampuni tofauti, moja ya RCA na nyingine UNIVAC, na kwa mabadiliko madogo tu ikafanya kazi kote kuwili. Maiti akaamka akatembea.

Hopper alistaafu jeshini mwisho wa 1966, naye hakupenda kuondoka. Agosti 1967 wakamrudisha kwa miezi 6 tu, aje asawazishe lugha za tarakilishi za wanamaji, kwa sababu hata COBOL yenyewe ilikuwa imeanza kupasuka lahaja. Miezi 6 hiyo ikageuka kuwa miaka karibu 19! Akapanda kutoka cheo hadi cheo, na kufikia 1985 akawa amiri kama baba ya babu yake. Alizunguka akihutubia vijana. Aliwagawia vipande vya waya vya urefu wa kama sentimita 30, waone kwa macho yao umbali ambao mwanga unakwenda katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Na ofisini kwake alitundika saa ya ukutani inayozunguka kinyumenyume. Wakati iliusema sawasawa, ila mishale ilikwenda upande mwingine. Alitaka kila aingiaye ajue kwamba mazoea si sheria.

Tarehe 14 Agosti 1986 alistaafu kabisa, akiwa na miaka 79, mkubwa kwa umri kuliko maafisa wote waliokuwa kazini. Sherehe ilifanyika Boston, juu ya merikebu USS Constitution, iliyoshushwa majini mwaka wa 1797 na mpaka sasa inaelea. Alifariki tarehe 1 Januari 1992, umri miaka 85, akazikwa kwa heshima za kijeshi katika makaburi ya Arlington. Manowari ikapewa jina lake, na mwaka wa 2016 Rais Obama akamtunuku nishani ya juu kabisa ya raia, ingawa alikuwa amekwisha lala miaka 24.

Je, COBOL ilizikwa naye? Thubutu! Zamani nafasi ya kumbukumbu ilikuwa ghali na kadi moja ya matundu ilibeba herufi 80 tu, ndiyo maana waandishi wengi wa programu waliandika mwaka kwa tarakimu 2. Mwaka wa 2000 ulipokaribia, hofu ikatanda kwamba mashine zitadhani ni 1900. Wakaitwa wazee wa COBOL waliokwisha staafu, waje warekebishe. Na Aprili 2020, ugonjwa wa Korona ulipowaachisha watu kazi kwa mamilioni, gavana wa jimbo la New Jersey alijitokeza hadharani akiomba watu wanaojua COBOL wajitolee, kwa sababu mitambo ya kuwalipa wasio na kazi ilikuwa ya miongo mingi na ilikuwa inaelemewa.

Hapo ndipo penye fumbo lililonisumbua. Mwanamke aliyechukia mazoea kiasi cha kugeuza saa ya ukutani, kazi yake mwenyewe ndiyo iliyokuja kuwa ya kale kuliko zote! Nilimwuliza yule mama ofisini, je, Hopper angefurahi au angelia? Mama alicheka. Alinifungulia kabati, akanionyesha nakala za barua alizokuwa akiwaandikia wakubwa kila mwaka, akiwaomba wabadilishe mashine zile, kwa kuwa mfumo usiotunzwa ni mlango usio na kufuli. Yeye hakuwa mtetezi wa uzee. Alichokitetea ni ujuzi uliomo ndani ya programu ya kale, kwa maana kila mstari wa ajabu ndani yake uliwekwa siku fulani kwa sababu mtu fulani alipunjwa. Ukiitupa bila kuisoma, unampunja tena.

Basi niliketi nikaisoma COBOL ile kurasa zote, kama mtu asomaye barua ya babu yake. Nikatafuta vifaa vya kuandikia programu vya toleo la zamani, vile ambavyo Windows XP ingevikubali, nikaandika upya, safari hii kwa adabu. Tukazitenga mashine zile na intaneti ili zisiingiliwe. Kisha, kama ile siku ya 1960, tukaendesha programu zote mbili pamoja kwa miezi miwili, ya kale na yangu, tukalinganisha kila mshahara mpaka senti ya mwisho. Mara ya kwanza zilitofautiana mahali 11. Katika sehemu 9 mkosaji nilikuwa mimi. Katika 2 ya kale ndiyo iliyokosea, na hakuna aliyekuwa amegundua. Walinzi walilipwa saa zao, na mzee yule nilimpelekea karatasi mwenyewe mkononi, nikamwomba radhi. Mashine zenyewe zilikuja kubadilishwa miaka mitatu baadaye, mama amekwisha staafu. Programu yangu ilihamia katika zile mpya bila shida, kwa kuwa niliiandika kwa namna ambayo mgeni angeielewa.

Nanyi wadogo zangu mnaosoma jarida hili, kesho mtaingia maofisini na mtakuta mambo ya kale, ikiwa si tarakilishi basi mafaili, na ikiwa si mafaili basi wazee. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga. Lakini pia msiuabudu mbacha kwa sababu tu mliukuta. Usomeni kwanza, mjue unamfaa nani, kisha mbadilishe bila uoga. Na mkiandika chochote, kiwe programu au insha, kiandikeni ili ajaye akielewe nanyi hampo. Grace Hopper ametuacha zamani, na maneno aliyoyapigania bado yanahesabu mishahara ya watu ambao hata jina lake hawalijui.